Namna ya Kuaga Shule Isiyokulea

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shule ninazozisema hapa zimezifuta zile siku mbili. Mwalimu mpya anashuka kwenye bajaji saa moja kasoro asubuhi, begi la nguo bado liko begani, na mwalimu wa taaluma anamkabidhi ratiba: vipindi 32 kwa wiki, Kiswahili kidato cha kwanza hadi cha tatu, na Historia ya kidato cha pili juu yake kwa sababu mwenye Historia aliondoka mwezi uliopita. Anauliza azimio la kazi liko wapi. Anaambiwa aandae. Anauliza muhtasari wa somo. Alikuwa nao mwalimu fulani, ila naye ameondoka. Anauliza nani atakuwa anamwelekeza. Hapo mkuu wa shule anacheka cheko la kweli kabisa: "Mwalimu, si umesoma? Basi nenda darasani, watoto wanasubiri."

Mwongozo huu ni wa mwalimu huyo, na hasa wa shule binafsi za Tanzania, maana huko ndiko wahitimu wengi wa vyuo vya ualimu wanakoanzia huku wakisubiri ajira za serikali. Nina jambo moja la kumwambia, na mengine yote humu yanalitumikia hilo: shule mbaya siyo ualimu. Nimeona vijana wengi wakizichanganya hizi mbili. Anaondoka shuleni mwezi wa tano, na kwa hatua ileile anaondoka kwenye kazi. Ukikutana naye baadaye ni wakala wa fedha kwenye kibanda cha njia panda. Sina neno na uwakala. Ni kazi ya halali na inalisha watu. Nina neno kubwa na shule iliyompokea mwalimu mzuri wa Hisabati, ikamtumia mpaka akajiona hafai, ikamwachia akaenda kuhesabu noti za watu. Kwa hiyo ondoka. Ondoka mapema, ungali unaipenda chaki. Lakini ondoka kwa utaratibu, ukiwa na vyeti vyako na haki zako mkononi.

Kwanza jiridhishe

Mwaka wa kwanza ni mgumu kila mahali. Sauti itakukauka. Somo uliloliandalia usiku kucha litakwisha dakika kumi kabla ya kengele, na utabaki unatazamana na watoto. Kuna mwanafunzi atakuuliza swali usilolijua mbele ya darasa zima. Hayo yote si kosa la shule, wala hayatoshi kuandika barua ya kuacha kazi. Darasa kubwa peke yake pia halitoshi. Iko shule ya kata yenye watoto 80 kwenye chumba kimoja, lakini ofisi ya walimu ina mama mmoja mzee ambaye mchana atakuuliza, "Umeonaje leo, mwanangu?" kisha akae nawe apitie ulipokwama. Hiyo ni shule inayolea. Kaa hapo hata kama paa linavuja.

Namna ya kuijua isiyolea ni kuiomba msaada, kwa uwazi na kwa adabu, halafu kutazama kinachotokea. Usiombe kitu kikubwa. Sema: "Mkuu, naomba mwalimu mzoefu aje akae nyuma ya darasa langu kipindi kimoja wiki hii, kisha aniambie alichokiona." Ombi hilo halina gharama ya hata shilingi. Serikali yenyewe imeweka utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ule tunaouita MEWAKA, ambao kiini chake ni walimu wa shule moja kukutana katika jumuiya ya ujifunzaji na kufundishana kazi. Unahitaji meza, saa moja, na mkuu wa shule anayejali. Shule iliyokosa hivyo haijakosa fedha, na usikubali kuambiwa ni umaskini.

Rudia ombi baada ya wiki mbili, mara hii kwa maandishi. Huku ukisubiri, angalia mambo mengine. Maandalio yako ya somo yanasomwa, au yanarundikwa mpaka Ijumaa yagongwe muhuri kwa mpigo? Mwalimu wa taaluma huingia darasani kwako lini: siku unafundisha, au siku kelele zimefika ofisini kwake? Kwenye kikao cha walimu, kuna hata dakika tano za kuzungumzia namna ya kufundisha, au ni matokeo, ada na sare tangu mwanzo hadi sala ya kufunga?

Na fimbo. Kuna shule ambazo mafunzo yote ya mwalimu mpya ni sentensi moja: "Hapa bila fimbo hutoboi." Ikimbie sentensi hiyo. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimia madaraka hayo, na viandikwe kwenye kitabu. Anayekuachia fimbo bila kukuachia ruhusa ya maandishi hakusaidii kulimudu darasa. Amekuachia kesi. Siku mtoto akiumia, atakayeitwa polisi ni wewe, na yule mzee wa "hutoboi" atasema hakuwepo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni siku mzazi anapokuja na hasira. Kwenye shule ya kulipia, mzazi ni mteja, na hilo peke yake si baya. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza. Mtoto kapata 34 ya Jiografia, baba kafika na gari limewaka taa, anataka kuonana na "huyo mwalimu." Shule inayolea inamketisha baba, inampa maji, inamwita mwalimu, na mkuu anakaa upande wa mwalimu wake huku daftari la mtoto likiwa wazi mezani. Kama mwalimu amekosea, ataambiwa baadaye, mlango ukiwa umefungwa. Shule isiyolea inakuita kwa kipaza sauti, inakusimamisha mbele ya baba na mbele ya mtoto, na mkurugenzi ndiye anayeanza kukugombeza ili baba aone ada yake inafanya kazi. Kesho yake unaingia darasani mwa mtoto yuleyule. Utamfundisha nini, wakati jana ameoneshwa kwamba wewe si mtu?

Ukiliona hilo likifanyika mara moja, omba lisijirudie. Likirudi, anza kukusanya karatasi.

Karatasi kwanza, maneno baadaye

Usimwambie mtu. Najua ofisi ya walimu ina rafiki mmoja mnayekula naye chapati saa nne, na najua unamwamini. Naye ana rafiki yake anayemwamini. Kufikia saa tisa alasiri matroni wa bweni la wasichana atakuwa anakuuliza utahamia mkoa gani.

Tafuta mkataba wako. Walimu wengi wapya walisaini karatasi ofisini kwa mkurugenzi na hawakuondoka na nakala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi kuhusu kazi yako, kwa hiyo kuomba nakala si ukorofi. Ukiulizwa sababu, sema benki wanaihitaji. Na kweli nenda benki ukaulizie huo mkopo, ili usiwe umesema uongo. Ukiupata mkataba, tazama jambo moja kabla ya mengine yote: je, ni mkataba usio na ukomo, au ni wa muda maalumu, mwaka mmoja au miwili? Tofauti hiyo itaamua mlango utakaotokea, na nitairudia.

Kisha vyeti. Hili linaniudhi kiasi kwamba nitaandika polepole. Kuna shule zinazomtaka mwalimu akabidhi vyeti vyake halisi siku ya kuanza kazi, zinavifungia kabatini, na ufunguo anao mkurugenzi aliyeko Dar es Salaam. Wanasema ni kwa usalama. Ni kwa usalama wao: mwalimu asiye na vyeti haendi popote, kwa sababu ukiitwa kwenye usaili wa ajira za serikali unatakiwa ufike na vyeti halisi mkononi. Cheti cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, cha kuzaliwa, vyote ni vyako. Kama hujavitoa, toa nakala zilizothibitishwa na wakili na ubaki na vyako. Kama umeshavitoa, viombe leo, kabla ya kuonesha dalili yoyote ya kuondoka, kwa barua fupi, na upate saini ya aliyepokea barua hiyo. Usianze safari hii vyeti vikiwa upande wa pili wa kabati.

Angalia michango yako ya NSSF. Kila mwezi mshahara unakatwa, lakini kukatwa ni jambo moja na fedha kufika kwenye mfuko ni jambo jingine. Nenda ofisi ya NSSF iliyo karibu ukaone taarifa yako ya michango. Ukikuta miezi mitupu, ipige picha na uiandike tarehe. Kama ulisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, fanya vivyo hivyo kwa ile asilimia 15 inayokatwa kwenye mshahara kwa ajili ya Bodi ya Mikopo. Deni ni lako, na likionekana halijalipwa utakayesumbuliwa ni wewe.

Halafu fedha ya kujikimu. Kama unaishi nyumba ya shule, siku ya mwisho kazini ndiyo siku ya mwisho ya kitanda. Uwe na pa kufikia na nauli ya kufika.

Hesabu ya siku 28

Kama unalipwa mshahara kwa mwezi na mkataba wako hauna ukomo, sheria inataka utoe notisi ya siku zisizopungua 28. Kama bado uko ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi, siku saba zinatosha. Mkataba unaweza kudai notisi ndefu zaidi, lakini hapo sheria inaweka sharti zuri sana: urefu huo uwe sawa kwa pande zote mbili. Shule haiwezi kukudai wewe miezi mitatu huku yenyewe ikijiwekea mwezi mmoja wa kukufukuza. Ukiona kifungu cha namna hiyo kwenye mkataba wako, kipigie mstari kwa penseli.

Kuna mtego kwenye kalenda ya shule ambao huwanasa wengi. Notisi haitolewi ukiwa kwenye likizo yako ya mwaka, wala siku zake haziendi sambamba na likizo hiyo. Mwalimu anafunga shule mwanzoni mwa Desemba, anakaa nyumbani, anafikiri, anaandika barua Desemba 10 akidhani Januari atakuwa huru. Kama shule imehesabu Desemba kuwa ndiyo likizo yake ya siku 28, barua ile haijaanza kuhesabu chochote. Ukitaka kumaliza na mwaka, barua ifike mezani mwishoni mwa Oktoba au siku za mwanzo kabisa za Novemba, ili siku 28 ziishe ukiwa bado kazini. Ukitaka kumaliza na muhula wa kwanza unaofungwa Juni, andika mwanzoni mwa Mei. Mimi napendelea mwisho wa mwaka, kwa ajili ya watoto. Lakini kama shule inakumaliza, Juni ni mwezi mzuri.

Barua yenyewe iwe fupi. Usiku utakaoiandika utakuwa na hamu ya kueleza kila kitu: kipaza sauti, baba wa Jiografia, mshahara wa Machi uliolipwa Mei. Yaandike hayo kwenye daftari lako, kwa tarehe, maana huenda yakahitajika. Kwenye barua weka haya tu:

"Mkuu wa Shule. Yah: Notisi ya kusitisha ajira. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule yako. Natoa notisi ya siku 28 ya kusitisha ajira yangu kuanzia tarehe ya barua hii. Sababu ni kwamba nimeamua kuendelea na kazi ya ualimu mahali pengine. Nitakabidhi kazi zote za masomo yangu kabla ya siku ya mwisho. Naomba kulipwa stahiki zangu na kupewa cheti cha utumishi. Wako katika ujenzi wa taifa."

Weka tarehe ya leo na tarehe ya siku ya mwisho. Chapa nakala mbili. Moja ibaki kwao, nyingine irudi kwako ikiwa na muhuri, saini na tarehe ya kupokelewa. Katibu muhtasi akikuambia "iache tu, nitampa bosi," jibu kwa upole kwamba utasubiri. Kaa kwenye benchi. Beba madaftari usahihishe. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa, kesho itaitwa utoro.

Wenye mkataba wa muda maalumu, hapa ndipo pa kuwa makini. Mkataba wa namna hiyo hauvunjwi kwa notisi tu kwa sababu umechoka. Unaweza kuondoka kabla ya muda kama mwajiri ameuvunja mkataba kwa jambo zito, mfano kutolipa mshahara, au kama mmekubaliana kuumaliza mapema. Njia ya makubaliano ndiyo salama. Omba mkae, kubalianeni tarehe, na makubaliano yaandikwe na kusainiwa. Kama umebakiza miezi miwili mkataba uishe wenyewe, nakushauri uimalize, na ikifika siku usisaini mwingine hata wakikuwekea kalamu ya dhahabu.

Siku watakapokupenda ghafla

Barua ikifika, utaitwa. Mkurugenzi ambaye hakulijua jina lako tangu Januari atalitamka vizuri kabisa, na la ukoo juu. Utaletewa soda. Utaambiwa wewe ni mwanangu, tulikuwa tunakuangalia, tulikuwa na mpango wa kukupa uongozi wa idara, mshahara utapanda kuanzia muhula ujao. Sikiliza kwa heshima, kunywa soda, na uulize swali moja: "Mzee, nani atakuwa mwalimu wangu mlezi, na ataanza lini kuja darasani?" Hilo ndilo uliloliomba mara mbili. Jibu likiwa ni jina la mtu, siku na saa, lifikirie kwa moyo wa kweli. Likiwa ni "hayo tutayapanga," umeshajibiwa. Sema: "Nashukuru sana, mzee. Barua yangu ibaki kama ilivyo."

Soda isipofanya kazi, huja vitisho. Utaambiwa hutapata kazi mkoa huu. Mkoa una shule nyingi, na wakuu wa shule wanajuana tabia. Wanajua pia shule gani inabadilisha walimu kila muhula. Utaambiwa utakatwa mshahara kwa "usumbufu," au kwa vitabu vilivyopotea kabla hujafika. Makato hayafanywi kwa hasira. Kwa hasara au uharibifu, sheria inataka iwe imetokea kazini kwa kosa lako, uelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Omba waandike. Mara nyingi hapo ndipo kalamu inapoishia.

Na ukikataliwa kuingia darasani siku zote za notisi, kaa shuleni. Saini kitabu cha mahudhurio kila asubuhi. Ukiacha kwenda kazini wakati wa notisi, mwajiri anaweza kukata siku ambazo hukufanya kazi, na utakuwa umempa bure alichokuwa akikitafuta.

Usitoroke

Tunajua namna ya kuondoka iliyozoeleka. Majina ya ajira za serikali yanatoka jioni; usiku uleule mwalimu anafunga begi, anampigia bodaboda, na asubuhi kidato cha nne wanakaa vipindi viwili vya Fizikia wakitazama ubao wenye kazi ya jana. Mkurugenzi anakasirika, na kwa kweli simhurumii sana. Ninaowahurumia wapo 40 mle ndani, na mtihani wao ni Novemba.

Shule imekunyima malezi; watoto hawakukunyima kitu. Wale waliokuwa wanakubebea madaftari, yule wa dawati la nyuma aliyeanza kusoma kwa sauti mwezi uliopita, hao hawakuandika ratiba wala hawakuchelewesha mshahara. Kwa hiyo siku 28 zile zifundishe kweli. Na andaa makabidhiano ambayo wewe hukuyapata ulipofika. Andika kila darasa limefika mada gani na limekwama wapi. Acha azimio la kazi na nukuu zako. Usizibebe kwa kinyongo. Ingiza alama zote za upimaji endelevu, zisainiwe, ubaki na nakala, maana alama hizo zinaingia kwenye matokeo ya mwisho ya mtoto na zikipotea haziokotwi. Kisha andika ukurasa mmoja kuhusu wanafunzi wanaohitaji jicho: anayekaa mbele kwa sababu haoni vizuri, anayelala darasani kwa sababu anaamka saa kumi kuuza vitumbua na mama yake, binti anayekuwa kimya kila ikifika wiki ya kufunga shule. Ukurasa huo mpe mwalimu mmoja unayemheshimu, mkononi.

Waage. Waambie wiki ya mwisho, wewe mwenyewe, wasilisikie mstarini. Waambie unaenda kufundisha mahali pengine na kwamba hawakufanya kosa lolote. Usiwaambie shule yao ni mbovu, wao wanabaki. Wakilia, waache walie kidogo, kisha maliza mada.

Wakikuzuilia

Siku ya mwisho unastahili mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyoichuma bila kuitumia, na cheti cha utumishi, kile kinachoeleza ulifanya kazi gani na kwa muda gani. Omba vyote kwa pamoja, kwa maandishi. Ukizungushwa, zungumza na afisa kazi wa eneo lako, au nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ukajaze fomu namba 1. Usikae nyumbani ukisubiri huruma: madai kama ya mshahara yana siku 60 tangu mgogoro uanze. Kama unadai kwamba mwajiri alikufanyia mazingira yasiyovumilika hadi ukalazimika kuacha kazi, una siku 30, na madai hayo hayamhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Ndiyo maana nilikuambia uandike tarehe kwenye daftari. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, waone kabla ya kujaza chochote.

Unakokwenda

Usikubali kazi ya pili kwa haraka uliyoikubalia ya kwanza. Ukiwa huna kitu kabisa, fundisha tempo, yaani kwa muda, karibu na nyumbani, au omba kujitolea kwenye shule yenye mwalimu unayemsikia akisifiwa, ukae naye meza moja. Mwalimu mlezi anaweza kutafutwa kama kazi inavyotafutwa. Muhula mmoja karibu na mtu anayeijua kazi utakufundisha yale ambayo ile shule ya bajaji isingekufundisha kwa miaka.

Ukiitwa kwenye usaili, watakuuliza maswali na mwisho watasema, "Una swali?" Wengi husema hapana, kwa adabu. Wewe sema ndiyo. Uliza nani atakuwa anakuja darasani kwako muhula wa kwanza. Uliza mwalimu unayechukua nafasi yake amekwenda wapi, na kama mnaweza kuzungumza naye kwa simu. Uliza vyeti halisi vinakaa wapi. Uliza mzazi mwenye malalamiko anapokelewa vipi. Kisha omba ruhusa ya kukaa ofisi ya walimu saa nne, wakati wa chai. Usiulize kitu mle ndani. Angalia kama kuna mwalimu anayemwonesha mwenzake daftari la mtoto wakijadiliana kosa lake. Kama yupo, hata mmoja, rudi ofisini ukasaini, na uondoke na nakala yako.